Kilo Kumi na Tano za Ming'oko

Siku ya tatu ya matanga ya Mama Mkubwa, pale kijijini Mkunya, Newala, Athumani alishuka kwenye bodaboda akiwa amevaa gauni la marehemu. Lilikuwa lile la maua ya njano, ambalo Mama Mkubwa alilitoa sandukuni kwenye harusi tu, na lilikuwa limemlegea kifuani na kumbana tumboni, na chini yake zinaonekana suruali ya kaki na kandambili. Nani alimpa, mpaka leo sijui, lakini ndani mwetu kuna msaliti. Mzee wa watu, ndevu nyeupe pe, alijifunga kanga kiunoni, akaenda moja kwa moja kukalia kigoda cha marehemu, akachukua ufuniko wa sufuria kujipepea, akaanza kutugombeza kwa sauti ile ile ya marehemu, ya puani. Nani kamaliza mafuta? Nani kaacha mlango wazi kuku wakaingia? Hawa waombolezaji wanaokula hivi, wamefiwa au wametumwa? Wanawake waliokuwa wakilia walilia zaidi, ila sasa kwa kucheka, na shemeji yangu mmoja ikabidi ashikwe asianguke kwenye moto. Kwa asiyefahamu mambo ya kwetu nimweleze kwamba Athumani ni Myao wa Masasi na sisi ni Wamakonde, na baina yetu kuna utani wa tangu mababu. Msibani mtani ana ruhusa ya kusema na kufanya lolote, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, umeharibu msiba.

Alikuwa ameshanyakua mwiko mkubwa wa ugali na kutangaza kwamba hatautoa mpaka apewe kuku. Ndipo akashusha ufuniko, akatutazama mmoja mmoja, akasema, akimtaja Mama Mkubwa kwa jina lake la Masasi, "Sasa, niwaambie Mama Rukia alifanya nini siku ya ile ndege?" Mimi nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Nililiachia. Vikombe tisa vilivunjika, na watu wakadhani ni uchungu wa msiba, wakaja kunishika mabega wakiniambia nijikaze. Haukuwa uchungu wa msiba. Ndege ile sikuwa nimeitaja mbele ya mtu yeyote kwa karibu miaka thelathini, na ndiyo iliyonifanya niwe hivi nilivyo.

Nilivyo ni hivi. Mimi ni karani wa mzani kwenye chama cha msingi cha wakulima wa korosho, na jina langu la Somoe limebaki kwenye kitambulisho tu, maana Newala nzima inaniita Mama Kilo. Sijawahi kukubali gunia kwa kukisia. Mkulima akija na gunia akaniambia ni lile lile nililolipima jana, nalipima. Sipandi basi kabla sijazunguka kutazama yaliyofungwa juu, na makondakta wa kituo cha Newala wakiniona nakuja hupeana habari. Mjukuu wangu alipozaliwa nilimtaka nesi anisomee uzito wake kwanza, ndipo nikamshika. Watoto wangu hucheka, mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nitaingia kaburini na mzani. Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nalipa kitu. Na ili mkielewe, lazima niwarudishe Masasi, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na tisa.

Nilikuwa nimeteremka kutoka Newala kwenda kumsaidia Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, ambaye kila mtu Masasi alimwita Mama Rukia. Alikuwa na banda la chakula pembeni ya uwanja wa ndege. Nikisema uwanja wa ndege msifikirie mambo makubwa. Kilikuwa kipande kirefu cha ardhi ya kokoto na majani, kina mbuzi wengi kuliko ndege, na mlinzi wake ni huyo huyo Athumani, wakati ule kijana wa miaka arobaini kasoro, mwenye baiskeli na filimbi. Ndege ikikaribia, Athumani alipanda baiskeli akapita katikati ya uwanja akipuliza filimbi na kutukana mbuzi kwa majina ya wenyewe, yaani majina ya wenye mbuzi, mpaka wakaondoka. Banda letu lilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na meza mbili ndefu na benchi zake, na ukuta wa mianzi uliokandikwa nusu. Cha nyuma ndimo tulimolala na kupikia, mimi na Mama Mkubwa, vitanda viwili vya kamba, jiko la mafiga, pipa la maji, na dirisha dogo linalotazama uwanjani. Ule ukuta uliokandikwa nusu ndio uliokuwa redio yangu. Kila kilichosemwa mezani nilikisikia nikiwa nyuma natwanga kisamvu.

Mwaka ule ilikuja ndege ndogo ya viti vinne, nyeupe, ya kampuni moja iliyokuwa ikitafuta madini kwa kupiga picha ardhi kutoka juu. Ilikuja na watu wawili. Mmoja ni Bwana Edga, mtaalamu wa mawe kutoka Dodoma, mtu mnene, mpole, aliyekuwa akisoma gazeti moja kwa wiki nzima na bado anashangaa. Wa pili ni rubani, Kapteni Bosko, Mngoni wa Songea. Niseme tu ukweli, umri huu hauna aibu: alikuwa mzuri. Alikuwa na mwanya na alivaa shati jeupe lenye mabega ya kijeshi, na kila akiinama kuingia bandani alisema, "Hodi kwa wenye nchi!" Watu walipojua ni Mngoni walifurahi kupita kiasi, kwa sababu Wangoni ni watani wa karibu kila mtu kusini, na mtani mwenye ndege hawakuwa wamewahi kumpata. Athumani alimwambia siku ya kwanza kwamba babu zake Wangoni walikuja kutuvamia kwa miguu, na huyu sasa amekuja kwa mabawa, maendeleo hayo.

Ugonjwa wa Kapteni Bosko ulikuwa uzito. Hakuruhusu hata mfuko wa karanga uingie ndegeni bila kupimwa, na kwa kuwa uwanja haukuwa na mzani, aliazima ule wa ghala la korosho, wa kuning'iniza, akaufunga kwenye boriti ya kibanda cha Athumani. Hapo ndipo Masasi ilipopata burudani. Alipima masanduku, madumu ya mafuta, kamera, chupa za maji. Kisha alimpima Bwana Edga. Alimkalisha kwenye kipande cha gunia kilichofungwa kamba pande mbili, akamwambia ainue miguu, na yule mtu mzima mwenye miwani akabaki anazunguka taratibu hewani na gazeti lake mkononi, huku watoto wa shule wakihesabu kilo kwa sauti. Watu walianza kuja kutoka sokoni kutazama. Wengine waliomba nao wapimwe, akawapima. Mama Mkubwa alipoombwa, alimjibu, "Mwanangu, mimi sipimwi. Mimi si korosho." Kapteni alicheka mpaka akakaa chini.

Walikula kwetu mchana kila siku. Mama Mkubwa alimwita "mkwe" kwa utani, na yeye alimwita "mama yangu wa kusini", na walivyokuwa wakigombana juu ya chakula ungedhani wamezaliwa nyumba moja. "Mama yangu, ugali huu umeniongeza kilo nzima, leo ndege haipandi." "Ndege haipandi kwa maneno yako mengi, kula." Athumani akijipendekeza mezani alimuuliza Kapteni kama ameshaonjeshwa samaki nchanga, yaani panya wa shambani, na akimwapia kwamba huku ni Wamakonde tu wanaowala. Mama Mkubwa alimuuliza Athumani yule panya aliyemaliza peke yake juzi alikuwa anamlia nani. Siku moja nilichemsha ming'oko. Kwa msiojua, ni mizizi ya porini, myembamba, inachimbwa kiangazi na kuchemshwa na chumvi, na mtu akianza kuila hasimami. Kapteni Bosko alimaliza sahani, akafuta vidole, na mimi nyuma ya ukuta nikamsikia akimwambia Bwana Edga, "Mama yangu angeionja hii, angehamia huku. Yule mama anapenda vitu vya kuchimbwa." Bwana Edga akajibu, "Mm." Mwisho wa mazungumzo.

Mtu wa miaka kumi na tisa husikia anachotaka kusikia. Mimi nilisikia kwamba kijana amemtaja mama yake, amekitaja chakula nilichopika mimi, na amesema angehamia huku. Nilibaki na mchi mkononi kinu kikiwa kitupu. Nilikuwa najua, wiki moja tu mbele, wangemaliza kazi ya Masasi na kurukia Songea, ambako angepita nyumbani. Basi nikamuaga Mama Mkubwa kwa kisingizio kwamba bibi anaumwa mguu, nikapanda gari kurudi Newala, nikashinda siku mbili porini Makote na bibi, ambaye mguu wake ulikuwa mzima kuliko wangu, tunachimba ming'oko. Bibi aliniuliza yote hii ni ya nani. Nikamwambia ni ya biashara. Akanitazama, akasema, "Haya, mfanyabiashara," na akaendelea kuchimba. Niliiosha, nikachagua ile iliyonyooka, nikaijaza kwenye kiroba safi na kukishona mdomo kwa uzi mwekundu, kwa sababu nilikuwa mjinga. Masasi nilikipima kwa siri kwenye ule mzani. Kilo kumi na tano.

Sasa hapa lazima mjue jambo moja. Kwetu msichana hapeleki chakula kwa mama wa mwanamume ambaye hajaleta barua ya posa. Ukipeleka, umejiposa mwenyewe, na habari hiyo itafika kabla ya chakula kuiva. Nililijua hilo vizuri sana. Ndiyo maana nilitaka kiroba kiende kimyakimya, kikiwa na karatasi ndani iliyoandikwa tu: "Kwa Mama Bosko. Shikamoo." Nilihesabu kwamba kijana atakikuta Songea, atasoma, atatabasamu kwa ule mwanya, na mengine Mungu atapanga.

Ile siku ya kuondoka kila kitu kilipimwa mapema asubuhi, Bwana Edga akiwemo, na Kapteni akaandika kilo zote kwenye daftari lake. Kisha yeye na Bwana Edga wakaenda ghalani kurudisha mzani na kuaga. Athumani alikuwa mwisho wa uwanja akitukana mbuzi. Nilibeba chupa ya chai mkono mmoja na kiroba mkono wa pili, nikaenda mpaka kwenye ndege, nikakisukuma kiroba nyuma ya kiti cha mwisho chini ya turubai, nikarudi na chupa yangu ya chai. Mama Mkubwa alikuwa jikoni. Hakuuliza kitu. Aliniambia tu, "Somoe, nenda sokoni ukaniletee chumvi." Nilimwambia chumvi ipo, nusu mfuko. Akasema, "Nimesema chumvi. Na usikimbie, huna umri wa kukimbia barabarani." Basi nikaenda.

Nilikuwa nimesimama mbele ya muuza chumvi niliposikia injini. Niliijua ile sauti kwa miezi mitatu, nilijua inavyonguruma, inavyokimbia, na inavyolainika ikishaacha ardhi. Ikaacha ardhi. Niliiona ikipanda juu ya mapaa, nyeupe, ikielekea magharibi, nikainua mkono kuipungia ingawa hakuna aliyeniona. Halafu sauti ikakohoa mara mbili. Ikakata. Soko lote lilitazama juu, na ndege ikainama upande mmoja, taratibu, ikashuka nyuma ya mikorosho. Kishindo chake hakikuwa kikubwa. Nilikimbia na chumvi mkononi mpaka shambani. Wanaume walikuwa wamefika na wanamwaga mchanga kuzima moto, na mmoja akanishika akanigeuza uso nisione. Wote wawili walikuwa wamekufa. Nilimlilia Kapteni Bosko, nikamlilia Bwana Edga na gazeti lake, lakini tangu pale chini ya mikorosho kilio changu kilikuwa na kitu kingine ndani yake. Yule mtu alipima mpaka karanga. Kitu kimoja tu hakukipima, na nilikiweka mimi.

Bwana Edga alichukuliwa na gari la kampuni siku ya pili kwenda kwao. Kapteni Bosko alihifadhiwa hospitali kuwasubiri ndugu waje kutoka Songea kwa njia ya Tunduru, ambayo siku hizo ilikuwa njia ya kumwombea mtu dua. Mama Mkubwa alisema mtu hawezi kulala hospitali bila kilio, awe na ndugu au asiwe nao, akatandika mikeka bandani. "Alikula hapa," alisema. "Atalizwa hapa." Nilidhani watakuja wachache. Ikaja nusu ya Masasi, maana kila mmoja alikuwa mtani wake, na wengi walikuwa wamening'inizwa kwenye mzani wake. Athumani alifika amejifunga vizibo viwili vya chupa ya maziwa machoni kuwa miwani ya rubani, amebeba mzani wa ghala, akaufunga kwenye boriti yetu, akatangaza kwamba hakuna atakayelia kabla hajapimwa, kwani machozi nayo yana uzito. Wakapanga foleni. Wazee wazima wananing'inia, na Athumani anawasomea: wewe kilo sitini za unafiki, wewe hamsini na deni langu hujalipa. Watu walicheka wakiwa wanatokwa na machozi kwelikweli, na nikaelewa siku ile kwa nini watani huachiwa mlango msibani.

Ilipofika zamu yangu nilitaka kukimbia. Wakanisukuma. Athumani aliniinua, akatazama mshale wa mzani, akatazama watu, akasema kwa sauti ya Kapteni Bosko, "Huyu amezidi! Huyu ana mzigo ameuficha!" Banda lilivunjika kwa vicheko. Papo hapo ukaruka mwiko kutoka jikoni ukampata Athumani sikioni, na nyuma yake Mama Mkubwa: "Athumani! Koma!" Kila mtu alidhani ni sehemu ya mchezo, wakacheka zaidi. Mimi nilishuka kwenye kamba nikaenda kutapika nyuma ya pipa la maji, nikiwa na hakika kwamba mlinzi wa uwanja ananijua mimi ni muuaji.

Wakaja pia wataalamu wa serikali, watu wawili wenye makoti, wakakaa kwenye meza yetu kuuliza maswali. Nilikuwa nyuma ya ukuta wangu. Walimuuliza Athumani kama kulikuwa na mzigo wowote ambao haukupimwa. Athumani alichelewa kujibu. Mama Mkubwa ndiye aliyejibu, akiwawekea chai: "Wanangu, ndege ile iliondoka na vilivyopimwa tu. Hakuna zaidi. Naapa kwa Mungu." Nilibana mdomo kwa kanga. Nilimwonea huruma, anaapa kwa Mungu bila kujua anaapa uongo, kwa ajili yangu. Wakaandika. Baadaye ilisemekana ni injini, kuna kifaa ndani kilikufa. Mimi nilijiambia injini yoyote ingevumilia kidogo zaidi kama isingebebeshwa kilo kumi na tano za mapenzi ya mjinga.

Mama Bosko alifika siku ya tatu, mchana, juu ya lori, na kaka zake wawili. Mama mdogo wa umbo, mweusi, ametulia, amefunga kitambaa cheupe kichwani, vumbi limemjaa mpaka kope. Mama Mkubwa alimpokea kama anampokea dada, akamnawisha miguu mwenyewe, akamketisha kwenye mkeka, na wale watani wote wakaacha mizaha, hata Athumani alivua vile vizibo. Kisha Mama Mkubwa akaingia jikoni na kutoka na sinia la ming'oko ya kuchemsha, bado ina mvuke. Mimi sikuwa nimeiona ikipikwa. Nilimnong'oneza, "Mama Mkubwa, hii imetoka wapi?" Akanijibu bila kunitazama, "Mpelekee mama wa watu. Na acha maswali." Nikapiga magoti mbele ya mama yule, nikaweka sinia. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu." Akachukua mmoja, akaumenya, akala. Akachukua wa pili. Akasema polepole, "Bosko aliniandikia habari ya hiki chakula. Alisema, mama, kuna kitu huku kinachimbwa, ungehamia." Akala mpaka sinia likabaki tupu, huku machozi yanamtiririka na hayafuti, halafu akaniwekea mkono kichwani. Sikuweza kuuinua uso wangu. Nilikuwa nawaza kwamba mkono ule ungejua, ungenipiga. Jioni ile waliondoka na mtoto wao, na mimi mwaka huo huo nikarudi Newala, na chama kilipotafuta karani wa mzani, niliomba kazi kabla tangazo halijabandikwa.

Basi pale Mkunya, vikombe vimevunjika, watu wamenishika mabega, Athumani amekaa kwenye kigoda na gauni la njano na mwiko wake. Mimi nikawaza, haya, na iwe leo, na nisiharibu msiba. Nikakaa chini. Athumani akajipepea. "Mama Rukia siku ile," alisema, "aliniita kwa mkono kutoka dirishani, niache mbuzi. Nikaja. Akaniambia, Athumani, panda humo ndani ya ndege, nyuma ya kiti cha mwisho kuna kiroba kina uzi mwekundu. Kishushe haraka, kabla hawajarudi. Nikashusha. Kizito! Nikamuuliza, Mama Rukia, unaiba ndegeni? Akaninasa kibao. Hiki hapa, sikio hili. Akasema, ukimwambia mtu nikiwa hai, Mungu akutoe meno. Meno yangu mnayaona, yote yapo." Akayaonyesha. "Sasa hayupo. Nimesubiri miaka yote hiyo, na nimechoka!"

Watu wakacheka, wanadhani ni kisa cha ubahili wa Mama Mkubwa. Mimi nilisikia kama mtu ameniondolea kichwa na kukirudisha. Nikauliza, "Hakikuwemo? Ndege ilipopaa, kiroba hakikuwemo?"

"Kingekuwemo vipi, na mimi nilikipeleka jikoni kwenu kwa mgongo wangu huu, akakisukumia chini ya kitanda chake? Ulikuwa umetumwa chumvi." Akanitazama vizuri, na lile gauni likamkaa ghafla kama gauni la mtu anayekufahamu. "Chumvi yenyewe ndiyo iliyotumika kuichemsha. Mama Bosko alikula ming'oko yako, Somoe. Sinia zima. Uliipeleka mwenyewe kwa magoti."

Nilimuuliza kwa nini Mama Mkubwa hakuniambia. Athumani alishusha sauti, akawa si Mama Mkubwa tena, ni Athumani tu. "Nilimwambia, mwambie mtoto. Akasema, nikimwambia nimekitoa, nitakuwa nimemwambia nimekiona, na atajua kwamba nimeusoma moyo wake. Kafiwa na mtu ambaye hakuwa wake, mwache alie bila kutazamwa. Ndivyo alivyosema."

Hapo ndipo nilipolisema, mbele ya watu wote, kitu ambacho sikuwahi kumwambia hata mume wangu. "Nilidhani nimewaua." Nilimwona Athumani anahesabu miaka, na macho yake yakajaa maji. Lakini mtani ni mtani. Akajifuta kwa kanga ya marehemu, akasema, "Kwa ming'oko? Somoe, kama ming'oko inaangusha ndege, nyinyi Wamakonde mngekuwa mmeshaiteka dunia!" Nikacheka. Nilicheka nikalia nikacheka tena, nikamlilia Mama Mkubwa wa kweli kwa mara ya kwanza tangu azikwe, maana mpaka saa ile nilikuwa nimemlilia mtu aliyeapa uongo kwa ajili yangu, kumbe aliapa kweli tupu. Na mimi nimekaa mzanini miaka yote ile kwa ajili ya kiroba ambacho hakikupaa.

Athumani alikumbusha kwamba bado anadai kuku, la sivyo tutasonga ugali kwa mikono. Nikaenda bandani kwa kuku, nikamkamata tetea mmoja mwekundu, nikamkabidhi. Akamshika miguu, akamnyanyua na kumshusha hewani mara mbili, akasema, "Kilo mbili kamili." Mzani wangu ulikuwa ndani, hatua kumi tu kutoka pale, na watu wote wa Mkunya walinigeukia kusubiri niende kuuchukua. Nilimwambia, "Haya, kilo mbili. Lete mwiko."